Shoga, kapige na mikono

Shoga yangu,

Salamu toka mjini, sote wazima, mama anauliza tu zile karafuu za chai lini. Meseji yako nimeiona kuwa umepata kamera ya kuazima na unataka kutengeneza kipindi cha mavuno huko Chake, nimefurahi khasa, na nimeona nikuandikie kwa kirefu maana voisi zangu unazijua, nazungumza mpaka bando linaisha.

Mengine utayaona mwenyewe ila hili nalikamata sana: kipindi kinazaliwa pale unapokaa kuediti, kwa hivo ukiwa shambani mfikirie yule atakaekata na kuunga, hata kama ni weye mwenyewe. Chukulia bibi anaechambua karafuu. Ukimpiga uso tu dakika kumi anazungumza, atakohoa, atarejea maneno, atamfukuza kuku, na kila unapokata pale kichwa chake kinaruka kwenye skrini. Lakini ukiwa na klozapu, yaani picha ya karibu, ya mikono, kile kikonyo anavokibana kiganjani akakizungusha, karafuu zikadondoka jamvini na makonyo akayatupa upande wa pili, unaibandika picha ile juu ya pale ulipokata na sauti ya bibi inaendelea, hajui mtu. Kwa hivo piga mikono, piga jamvi, piga wajukuu wanaomsikiliza, na kila shoti iache itulie kama sekunde 10 ndo usogee, hizi za kupepesa kamera huku na kule zinatia kisunzi.

Tena hapo kuna nadharia. Yupo Mrusi mmoja mtengeneza filamu, Lev Kuleshov, yapata miaka 100 iliopita, inasimuliwa alichukua uso mmoja wa muigizaji akauunga na bakuli la supu, kisha na jeneza, watu wakaona njaa, wakaona huzuni, na uso ni ule ule haujabadilika hata kidogo! Sasa fikiri tajiri wa shamba anazungumzia bei halafu weye ukaweka bibi anacheka, ushamfanya bibi kamkejeli tajiri, na Chake ilivo ndogo utaikimbia.

Sauti sasa. Upepo wa huko utakula kila kitu, maiki ibane kifuani karibu na mdomo na uivishe kisponji. Na adhana ikianza simamisha, shoga, usiseme "iko mbali". Ukija kukata katikati ya sentensi adhana nayo inakatika, inaruka kutoka pahala mpaka pahala, na hilo wallahi watu hawatakusamehe. Ukimaliza mahojiano waambie wanyamaze nusu dakika urikodi ile sauti ya shamba peke yake, majani, jogoo, utaitumia kuzibia matundu.

Mambo ya mashine sikuchoshi, weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, ule muda kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50 kwa hivo taa za ndani hazitokuchezea. Mchana ukiwa chini ya mikarafuu angalia rangi, majani yanatia ukijani usoni.

Halafu usiniambie tena eti "sisi wa visiwani hatuna utaalamu". TVZ imeanza 1973, tena ya rangi, wakati Bara wamekuja kupata televisheni zao 1994, wapo wazee hapa mjini wamekata na kuunga kabla mie na weye hatujazaliwa. Ukija nitakupeleka kwa mmoja, mkali lakini akikupenda anakufunza.

Lililobaki, usikomee kwenye kuchuma na kuanika maana hayo kila mtu keshayapiga. Nenda jioni pale karafuu zinapopimwa pishi na wachumaji wanalipwa, omba ruhusa kwanza, kamera iwe ishawashwa mapema na ukae kimya. Pale ndo maneno yanapotoka. Na kadi usifute mpaka niione!

Shoga yako wa Michenzani