Pua inayoziba upande uleule si mafua

Mhariri,

Kwa miaka 14 nilinunua matone ya pua katika duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu mtaani Umoja, na kwa muda huo wote hakuna aliyeniuliza mbona mafua yangu hayaishi. Naamini wapo wakazi wengi wa Nairobi wanaolala vinywa wazi wakilaumu vumbi au baridi ya Julai, kumbe kasoro imo katika umbo la pua yenyewe.

Ukuta unaotenganisha matundu ya pua ni gegedu kwa mbele na mfupa kwa nyuma. Kupinda kidogo ni jambo la kawaida. Shida huanza ukuta huo unapoegemea upande mmoja hadi ukabana njia ya hewa. Wapo wanaozaliwa hivyo, na wapo tulioumia: nikiwa darasa la sita nilipigwa kiwiko uwanjani, nikavuja damu, nikanawa uso nikarudi kucheza. Hata pua yenye afya huziba kwa zamu, upande huu kwa saa kadhaa kisha ule, lakini upande uleule ukiziba mwaka baada ya mwaka, daktari wa masikio, pua na koo hana budi kuutazama.

Matone yenye oksimetazolini au zailometazolini hubana mishipa ya damu, na pua hufunguka ndani ya dakika chache. Yakitumiwa mfululizo kupita siku chache, nyama za ndani huvimba upya kila nguvu ya dawa inapokwisha, naye mgonjwa huirudia chupa. Yangu ilikaa chini ya mto, nami niliipapasa gizani saa nane usiku. Wauza dawa wanalijua jambo hili, na nawasihi wamwambie kila mnunuzi kabla ya kupokea pesa zake.

Hatimaye daktari alipenyeza kamera nyembamba puani, akanionyesha kwenye skrini ukuta uliolalia kushoto, na kulia nyama zilizonenepa zikajaza nafasi iliyobaki. Hakukimbilia kisu. Aliniachisha matone, akanipa dawa ya steroidi ya kunyunyizia kila siku kwa wiki kadhaa, pamoja na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Tiba hiyo hupunguza uvimbe, wala haiwezi kunyoosha gegedu, ndiyo maana nilikubali upasuaji, ambao hufanywa kupitia matundu ya pua bila kuacha kovu usoni. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, kwani pua iliziba kuliko awali na nilikatazwa kupenga kamasi. Vibanzi vya plastiki vilivyowekwa puani kuushikilia ukuta vilipotolewa, hewa baridi ilipita tundu la kushoto, nikaisikia hadi kooni.

Kwa wazazi na walimu nina ombi moja. Mtoto akigongwa pua, kisha ikaziba na maumivu yakazidi, huenda damu imekusanyika ndani ya ukuta ule. Isipotolewa upesi, gegedu hufa na mgongo wa pua huweza kubonyea. Apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, hata kama damu imekwisha kukatika na yeye mwenyewe anataka kurudi uwanjani.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi