Mjamzito aulizwe pia kama alipasuliwa ili apunguze uzito

Ndugu Mhariri,

Wapo wajawazito wanaofika kliniki wakiwa walishapasuliwa tumbo ili wapunguze uzito. Sisi wahudumu huuliza kama mama aliwahi kujifungua kwa upasuaji; huu mwingine hatuuulizi, naye hautaji. Anayepapasa tumbo aangalie vizuri juu ya kitovu: makovu matano au sita madogo, kila moja kama upana wa ukucha. Akiyaona, asiendelee kama kawaida.

Ambaye katika upasuaji huo aliungwa utumbo kwenye kijifuko kidogo cha tumbo la chakula asinyweshwe gramu 75 za glukosi kupima kisukari cha mimba. Maji hayo huteremka mbio: moyo unadunda, jasho linamtoka, anahara, kisha sukari inaporomoka na majibu yanapotosha. Apewe glukomita, kipimo cha sukari ya damu, ajipime wiki nzima, kati ya wiki ya 24 na ya 28, kabla ya kifungua kinywa (iwe chini ya milimoli 5.3 kwa lita) na saa moja baada ya kila mlo (chini ya 7.8).

Akitapika mfululizo, tusikimbilie dripu ya glukosi. Mwili wake una akiba ndogo ya vitamini B1, na sukari huimaliza ile iliyobaki. Macho yanaanza kuchezacheza, anayumba, anachanganyikiwa, na ubongo ulioumia hivyo huenda usipone. Sindano ya thiamini (ndiyo B1 hiyo) itangulie, dripu ifuate.

Asidi ya foliki nayo ina mtego wake hapa kwetu penye malaria. Mama ambaye bado ana uzito mkubwa hupewa miligramu 5 hadi wiki ya 12. Akianza Fansidar, dawa ya kumkinga na malaria, kuanzia wiki ya 13, dozi hiyo ishuke hadi miligramu 0.4, kwani ile kubwa huipunguzia Fansidar nguvu. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu viachane kwa saa mbili. Vitamini B12 achomwe sindano ya miligramu 1 kila miezi mitatu.

Linalotutia hofu zaidi ni maumivu ya tumbo la juu mimba ikiwa kubwa. Utumbo ulipopangwa upya, nafasi zilibaki katikati yake. Mji wa mimba ukipanda, unausukuma utumbo mpaka unapenya humo na kunyongwa. Maumivu huja na kuondoka, mara nyingi baada ya kula. Presha inaweza kuwa nzuri, damu nzuri, tumbo laini, basi mama anarudishwa nyumbani na dawa ya kiungulia. Asirudishwe! Apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, kwa sababu utumbo uliokosa damu huoza kwa saa chache.

Akishajifungua, maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni humtia vidonda pale utumbo ulipoungwa.

Tunaiomba Wizara ya Afya iweke mstari mmoja katika kitabu cha mjamzito: aina ya upasuaji, mwezi na mwaka. Tarehe ina uzito wake. Mimba inayoingia kabla ya miezi 12 hadi 18 kupita humkuta mama bado anapungua, na mtoto wake apigwe utrasaundi kila wiki 4 kuanzia wiki ya 24 tuone kama anakua. Anayesubiri muda huo upite awekewe kijiti au kitanzi, maana vidonge vya uzazi wa mpango tumbo hilo halivifyonzi vya kutosha.

Wakunga wawili,
Mbarara