Ramones hawakuja kuizika roki ya zamani

Mhariri,

Katika sehemu ya kwanza ya makala yake kuhusu roki, iliyotoka Jumamosi iliyopita, mwandishi wenu wa burudani anasema muziki wa panki, yaani roki ya kasi isiyo na madoido, ulikuja kuchoma moto kila kilichoutangulia, na kwamba wale vijana wa jaketi za ngozi hawakuwajali wakubwa wao. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimemwelewa vibaya. Naomba nafasi nimpinge kwa wimbo mmoja tu.

Wimbo huo ni "Do You Remember Rock 'n' Roll Radio?" wa Ramones, bendi ya panki iliyozaliwa Forest Hills, mtaa wa Queens jijini New York, mwaka 1974. Ndio unaofungua albamu yao ya End of the Century, ya mwaka 1980. Jina tu linamuuliza msikilizaji kama anaikumbuka redio ya zamani. Unapoanza, unasikia redio ikitafutwa stesheni, mtangazaji akiikaribisha bendi kwa mbwembwe, ngoma zikidunda. Mara inaingia saksofoni. Saksofoni! Hii ni bendi ambayo miaka minne nyuma ilitoa albamu ya nyimbo 14 zilizokwisha kabla ya nusu saa, magitaa yakikwaruza mwanzo mwisho.

Aliyeutunga ni Joey Ramone, mwimbaji wa bendi, kijana mrefu, mwembamba, miwani ya giza usoni, aliyezaliwa mwaka 1951. Humo ndani anawataja watu kwa majina, kama mtu anayewasalimu wazee barazani. Yumo Alan Freed, mtangazaji aliyelieneza jina la rock 'n' roll akiwa Cleveland, kisha New York, kabla kashfa ya hongo za kupigiwa nyimbo haijammaliza. Yumo Murray the K, mtangazaji mwingine wa New York. Wamo Jerry Lee Lewis, mpiga piano wa rock 'n' roll, T. Rex, bendi ya Uingereza, na John Lennon wa The Beatles, ambaye wimbo ulipotoka alikuwa bado hai. Aliuawa Desemba ya mwaka huohuo. Na yumo Moulty, mpiga ngoma wa The Barbarians, aliyepoteza mkono mmoja utotoni akawa anapiga kwa mkono wa bandia. Nani asiyejali waliotangulia angemkumbuka Moulty?

Ipo sehemu Joey anakumbuka kulala kitandani, amejifunika gubigubi, redio inaimba chini ya blanketi asionekane na mtu. Hapo huwa nasimamisha kazi niliyonayo. Mimi nilikulia Tanga, na redio ya marehemu baba ilikuwa na mfuko wa ngozi wenye matundu mbele ya spika. Usiku niliichukua kimyakimya, naifunika kwa khanga ya mama, nimebana sikio kwenye yale matundu. Betri zikichoka, mchana nazianika juani juu ya bati ili usiku zipate pumzi ya nyimbo mbili tatu za zilipendwa. Sikuijua New York wala Joey hakuijua Tanga, lakini aliyoyasema nimeyapitia.

Mwandishi wenu angetazama pia nani alipewa kazi ya kuitayarisha albamu ile: prodyuza Phil Spector, katika studio ya Gold Star, Los Angeles, palepale alipowarekodi The Ronettes, kundi la waimbaji wa kike, miaka ya 60. Wanaochoma moto ya zamani hawaendi kurekodi kwenye jiko la zamani. Tena humo waliurudia wimbo wa The Ronettes, "Baby, I Love You", ukafika nafasi ya 8 Uingereza. Kwao Marekani albamu iliishia nafasi ya 44, na hakuna albamu yao nyingine iliyowahi kuipita.

Hapo ndipo uchungu wa wimbo ulipo. Joey analalamika kwamba nyimbo za siku hizo zimekuwa zafanana zote, na redio alizozipenda hivyo hazikumpigia zake ipasavyo. Ramones walipanda jukwaani zaidi ya mara 2,200 hadi Agosti 1996, wakaenda wenyewe kwa watu ambao redio haikuwafikishia. Joey alifariki Aprili 2001 kwa saratani. Mwaka uliofuata bendi ikaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa roki, na mwaka 2003 bendi ya KISS, ambao kwa jukwaa la mbwembwe na fataki hawafanani nao hata kidogo, wakaurekodi wimbo huuhuu kuwaenzi.

Sehemu ya pili ya makala inatoka Jumamosi ijayo. Namwomba mwandishi, kabla hajaikabidhi, ausikilize wimbo huu usiku, taa zikiwa zimezimwa, kisha airekebishe ile aya ya tatu yenye madai hayo ya kuchoma moto. Na jina la Moulty aliandike.

Msomaji wenu,
Tanga