Barua ya Wazi kwa Katibu wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu: Wanafunzi wa Kemia Wapimwe Wakiwa Mezani

Kwa Katibu wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu,
Nairobi.

Mheshimiwa Katibu,

KUH: MTIHANI WA VITENDO KATIKA KEMIA YA KIFIZIKIA

Nakuandikia nikiwa fundi wa maabara katika idara ya kemia ya chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Kazi yangu ni kutayarisha miyeyusho, kupanga vifaa mezani kabla ya wanafunzi kuingia, na kusimama karibu nao wanapovitumia. Wahadhiri husahihisha ripoti. Sisi mafundi ndio tunaoiona mikono. Ombi langu ni moja. Tume yako, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ndiyo inayotoa ithibati kwa programu za masomo, isikubali shahada yoyote ya kemia ambayo mwanafunzi anaweza kuihitimu bila kufanya, hata mara moja, mtihani wa vitendo wa kemia ya kifizikia (tawi la kemia linalopima mambo kama kasi, joto na shinikizo) akiwa peke yake mbele ya vifaa.

Natambua kwamba ombi hili linafika mezani kwako wakati vyuo vinazungumzia madeni, mishahara na mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023. Hata hivyo, nitaeleza kwa nini sehemu kubwa ya jambo hili haidai fedha.

Katika maabara nifanyiamo kazi, wanafunzi sita au zaidi hugawiwa seti moja ya vifaa. Mmoja hushika bureti (mrija wenye alama za vipimo na bomba chini), wa pili hutazama saa, wa tatu huandika, na waliobaki hungoja jedwali likamilike ili walipige picha kwa simu. Wiki moja baadaye ripoti sita huwasilishwa, zimechapwa vizuri, zina grafu za rangi, na alama zote za somo hutoka humo. Mwanafunzi mwerevu hugundua mapema kwamba ripoti inayolingana na kitabu hupata alama nyingi kuliko ripoti inayolingana na kilichotokea, na kuanzia hapo haoni sababu ya kukishughulikia kilichotokea. Ripoti za mwaka uliopita huzunguka bwenini kama zinavyozunguka mwakenya, vile vijikaratasi vya kuibia mtihani, tofauti ikiwa kwamba hizi hazimtii mtu hofu.

Chukua jaribio la shinikizo la mvuke wa maji, ambalo ni miongoni mwa majaribio ya kale na ya bei nafuu kabisa. Mwongozo tunaoutumia uliandikwa kwa ajili ya maabara zilizo karibu na usawa wa bahari, nao unamwelekeza mwanafunzi achemshe maji katika chombo kilicho wazi na kukichukulia kiwango cha kuchemka kuwa nyuzi 100 kwa shinikizo la milimita 760 za zebaki. Mombasa mwongozo huo ungekuwa karibu na ukweli. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa yake halifiki milimita 640, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Kipimajoto kinasema hivyo kila wiki mbele ya macho ya darasa zima, na kila wiki nasoma ripoti zilizoandikwa 100.0, tena kwa desimali. Mwanafunzi aliyeandika 94 na kuyatazama maji yake kwa mshangao ndiye aliyekuwa karibu na sayansi, kwa kuwa hatua moja tu mbele yake kuna barometa ukutani inayoonyesha shinikizo la hewa, na hatua mbili mbele kuna hesabu ya kukadiria mwinuko wa mji huu kutokana na birika la maji. Hakuna anayempa alama kwa hilo.

Jaribio la kasi ya mmenyuko wa asetoni na iodini katika asidi lina funzo jingine. Mwaka 1904 Arthur Lapworth alionyesha kwamba kasi ya mimenyuko ya aina hii haitegemei ukolezo, yaani wingi ndani ya myeyusho, wa halojeni (kundi la elementi ambamo iodini imo). Hatua ya polepole humalizika kabla halojeni haijashiriki. Anayepima kwa uangalifu huona iodini ikipungua kwa mstari ulionyooka, jambo lisilotarajiwa na mtu aliyekariri kwamba kila mmenyuko hupungua kasi kadiri vitu vinavyoisha. Nimeona wanafunzi wakipinda mstari kwa penseli, huku nukta zao zenyewe zikiwa zimejipanga sawasawa kabisa, kwa sababu waliamini mstari ulionyooka ni dalili ya kukosea.

Mmenyuko huohuo una nishati ya uamilishaji, yaani nishati inayohitajika ili mmenyuko utokee, ya takriban kilojuli 86 kwa moli, maana yake ni kwamba nyuzi moja ya joto hubadilisha kasi kwa asilimia 12 hivi. Darasa la saa mbili asubuhi mwezi wa Julai, chumba kikiwa nyuzi 17, na darasa la mchana chumba kikiwa nyuzi 24, yatapata kasi zinazotofautiana kwa zaidi ya mara mbili, na yote mawili yataandika kwamba jaribio lilifanyika kwenye nyuzi 25, kwa kuwa ndivyo mwongozo ulivyosema. Beseni la maji lenye kidhibiti joto lingesaidia, nakubali, na pale lililopo linapoharibika huchukua muda mrefu kutengenezwa. Lakini kuingiza kipimajoto ndani ya chupa na kuandika namba iliyosomwa hakuhitaji tenda wala sahihi ya mkuu wa idara.

Hapa ndipo hoja ya fedha inapohitaji kuchujwa. Ni kweli kwamba kalorimita ya bomu, chombo cha kupimia joto la uunguaji, ile inayounguza asidi ya benzoiki ndani ya oksijeni iliyoshindiliwa, ni ghali, na idara yenye moja tu haiwezi kumpa kila mtu zamu. Sidai kila chuo kinunue kumi. Nadai kwamba kabla mwanafunzi hajasogezwa karibu na chombo hicho, awe ameweza kazi ya pipeti, mrija wa kuvutia na kumwaga ujazo maalumu wa kimiminika. Mpe pipeti ya mililita 10, mizani, kopo na maji yaliyokenekwa. Amwage mara kumi, apime uzito kila mara, agawe kwa densiti ya maji kwa joto la siku hiyo, kisha aseme namba zake zimetawanyika kiasi gani. Pipeti ya daraja A inaruhusiwa kukosea kwa mililita 0.02. Mkono usiozoea hupita hapo mara nyingi zaidi, na mwanafunzi akishajua ukubwa wa kosa la mkono wake mwenyewe, hawezi tena kuandika jibu lenye desimali sita bila kuona haya. Katika somo zima sijui zoezi lenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama hili, na bado huachwa kwa madai kwamba ni mambo ya sekondari.

Ajabu ni kwamba sekondari ndiko linakopimwa. Mtahiniwa wa KCSE, hata yule wa shule ya kutwa yenye maabara ya chumba kimoja, hufanya karatasi ya tatu ya kemia akiwa na bureti yake, akisoma kwa macho yake, na hakuna mwenzake wa kumwandikia jedwali. Akifika chuo kikuu, kwa miaka minne anaweza asiulizwe tena kwa namna hiyo. Nasi tunashangaa waajiri wa Eneo la Viwanda wanapotuambia kwamba mhitimu mwenye shahada nzuri anafundishwa upya kutayarisha myeyusho sanifu, yaani ule ambao ukolezo wake unajulikana kwa usahihi.

Najua jibu nitakalopewa: wanafunzi ni wengi na meza ni chache. Wenzetu wa udaktari walilikabili tatizo hilo kwa kuwahamisha watahiniwa kituo hadi kituo, kila kituo kikiwa na kazi fupi na msimamizi mwenye orodha ya mambo ya kutazama. Kazi za kemia ya kifizikia hugawanyika vivyo hivyo. Mmoja atayarishe myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa moli 0.01 kwa lita na kuthibitisha kwamba mita ya upitishaji umeme inasoma karibu na mikrosimensi 1,413 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Mwingine achore mstari kutokana na nukta alizopewa na kukadiria shaka ya mteremko wake. Mwingine apime kwa pipeti. Msimamizi anaweza kuwa fundi, na nasema hivi nikijua kwamba mafundi wengi hatujawahi kuombwa maoni yetu kuhusu alama za mwanafunzi yeyote.

Sambamba na mtihani huo, naomba daftari la maabara lirudi: daftari la kurasa zilizobanwa, linaloandikwa kwa kalamu wakati jaribio linaendelea, namba iliyokosewa ikipigwa mstari mmoja ili ibaki kusomeka, na fundi akitia sahihi kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni. Ripoti iliyochapwa isahihishwe ikiwa kando ya daftari hilo. Video za majaribio, zilizotufaa sana vyuo vilipofungwa Machi 2020, zibaki kuwa matayarisho ya kuingia maabara, wala zisihesabiwe kuwa saa za vitendo.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walioanza sekondari ya juu Januari 2026 wanatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Viwango na Miongozo ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 inaweza kupitiwa upya katika kipengele hiki kabla ya wao kufika. Hata kabla ya hapo, wakaguzi wako wanapozuru idara ya kemia, ningeomba wasiishie kuhesabu vifaa vilivyomo kabatini. Wamchague mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu, wampe pipeti, mizani na kipimajoto, na wamwombe awaeleze ni kiasi gani cha jibu lake anachokiamini. Dakika 20 zinatosha, na vifaa nitavitayarisha mwenyewe.

Wako mtiifu,
Fundi wa maabara ya kemia,
Nairobi.