Salamu za shukrani kwa wote waliomsindikiza Mwalimu

Assalaamu alaykum, na salamu nyingi kwa ndugu zetu wasio Waislamu, ambao siku zile tatu mliijaza baraza yetu mkawa wenyeji kuliko wageni.

Sisi familia ya marehemu Mwalimu, yaani mjane wake, wanawe, wajukuu, na jamaa wa Majengo, Mji wa Kale, Likoni na Kilifi, tunawashukuru nyote kwa namna mlivyotushika. Baba alitutoka kabla ya adhana ya alfajiri, na baada ya sala ya alasiri alikuwa keshalazwa makaburini Kikowani. Aliyewahi kufiwa Mombasa anaijua kazi ya saa hizo chache: kibali cha mazishi, sanda, waoshaji, kaburi, majamvi, jamaa wa mbali wa kupigiwa simu. Sisi wanawe hatukuifanya. Tulipoinua vichwa tulikuta imekwisha kufanywa.

Waoshaji hatuwataji kwa sababu wameomba wasitajwe. Vijana wa mtaa waliochimba kaburi na kutengeneza mwanandani kwenye jua lile, Mungu awalipe. Jirani yetu wa ukuta mmoja aliwafungulia kina mama nyumba yake yote, akalala kwa dadake siku tatu. Wapishi mliopika pilau ya watu ambao idadi yao hakuna aliyeijua, mikono yenu isiungue kamwe. (Masufuria mawili makubwa na birika moja la kahawa bado yako kwetu, na kila tunayemuuliza asema si yake. Tafadhali mwenyewe aje.)

Tunawashukuru pia wauguzi na madaktari waliomtazama tangu figo zilipoanza kumsumbua. Hasa wale wa chumba cha kusafisha damu, waliovumilia kusahihishwa hesabu zao za saa na dakika na mgonjwa aliyelala chali na mirija mkononi. Gharama za hospitali zimelipwa zote kwa michango yenu. Kuna waliotuma makumi ya maelfu, na kuna aliyetuma shilingi 50 kwa simu bila kuandika jina. Zote zimeingizwa daftarini, pamoja na kila kilichotumika hospitali, mazishini na matangani. Daftari liko kwa ami yetu, na aliyechanga akitaka kulitazama alitazame. Baba asingekubali tuwaambie tu kwamba pesa zimetumika.

Waliosomeshwa naye hapa watacheka, maana wanajua angesema nini: "Jibu nimeliona. Njia iko wapi?" Alisomesha Hesabu tangu miaka ya sabini ya mwanzo, wakati mtihani wa darasa la saba ukiitwa CPE, akaendelea mfumo wa 8-4-4 ulipoingia 1985 na KCPE ikashika nafasi yake. Mitihani yote miwili hesabu zake zilikuwa za kuchagua A, B, C au D. Hakuna msahihishaji wa Nairobi aliyetaka kuona njia. Kwake ilikuwa lazima uionyeshe, na jibu sahihi lisilo na njia alilipa sufuri, kwa wino mwekundu, na sufuri yenyewe ameizungushia kwa utulivu kabisa. Jamaa mmoja, sasa ni mhandisi pale bandarini, alituambia kwamba mpaka leo akiona mkataba hautaji bei imepatikanaje humsikia Mwalimu sikioni.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Ukitumwa Marikiti na noti ya mia, ulirudi na samaki, nazi, chenji na kikaratasi. Hakutaka tuwe darasani kwake. Kila mmoja wetu alimtafutia darasa la mwalimu mwingine, asije mtu akasema amependelewa. Lakini jioni barazani hapakuwa na mwanawe wala mwana wa jirani. Walikaa mkekani watoto wa mtaa mzima, na taa ya chemni umeme ukikatika. Wakati wa mgomo wa walimu wa 1997 hakukanyaga shuleni hata siku moja, maana alikuwa mwanachama wa kweli wa KNUT, chama cha walimu, na aliyadai mapato yake. Baraza haikufungwa. Alipoulizwa na mwenzake alijibu kwamba anagoma kazini, hapa yuko kwake.

Alistaafu mwisho wa 2003 akiwa na miaka 55, umri wa kustaafu wa wakati ule. Miaka 60 haikuja hadi 2009, na mara moja moja alilalamika kwamba serikali ilimngoja atoke ndipo iongeze. Mwaka wake wa mwisho ndio elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo. Darasa lake likafurika mpaka watoto wakakaa sakafuni na kwenye madirisha. Hatujapata kumwona amechoka vile, wala amefurahi vile.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike waraka mrefu badala ya maneno mawili ya shukrani.

Kaburini, kama ilivyo desturi, ami alisimama akatangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu aje kwa warithi, na anayeweza kumsamehe amsamehe. Madai yaliyokuja ni mawili. Mwenye duka la kona alidai mikate na magazeti ya Taifa Leo ya mwezi mmoja, na fundi alidai salio la miwani. Yamelipwa.

Lakini kuanzia usiku wa kwanza wa matanga walianza kuja watu wa upande wa pili wa daftari. Dereva wa matatu ya Likoni na bahasha yake. Muuguzi. Mama mmoja auzaye viazi karai, na shilingi zilizofungwa kwenye kitambaa. Kila mmoja alimvuta mmoja wetu pembeni akasema yeye ndiye anayedaiwa: Mwalimu alimlipia ada ya mtihani, au alimnunulia sanduku na godoro la kwenda bweni, au alimlipia muhula mzima wa kidato cha kwanza, na hakuwahi kumrudishia. Sisi tulikuwa tukitazamana.

Wengi wao walitoka ng'ambo ya kusini. Baba alikuwa akisomesha huko kivuko cha Mtongwe kilipozama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Darasani mwake walikuwamo watoto walioamka asubuhi ile wana wazazi. Sisi tulikuwa wadogo. Tunachokumbuka ni kwamba tangu mwaka ule alianza kusomesha watoto wa matajiri wa Nyali na Kizingo majumbani mwao, akirudi baada ya isha na viatu mkononi, na kwamba Idi kadhaa zilipita yeye akivaa kanzu ile ile. Tulidhani anakusanya pesa za kujengea. Kile kiwanja cha Kisauni, ambacho msingi wake umeota majani tangu utoto wetu na tukimtania nacho, sasa tumekielewa.

Mama alikuwa akijua. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, hakuacha kuchagua mchele wake.

"Mlikuwa mkilala na njaa?"

Hatukuwa tukilala na njaa.

Kwa hiyo, na hili tumekubaliana sote baada ya mama kusema lake: bahasha zote zimerudishwa kwa wenyewe. Baba hakuandika popote kwamba amekopesha, na mtu aliyeandika hata bei ya kitunguu, asingesahau mkopo. Tunawaomba wengine wanaokusudia kuja na pesa wasije nazo. Njooni mikono mitupu, mnywe kahawa, mtusimulie, kwa maana mnaijua nusu ya baba yetu ambayo sisi hatukuijua. Yule dereva alikataa kurudishiwa, akaenda akalipa gunia la mchele wa hitima kwa siri. Tumejua, na tunamwambia hapa mbele ya watu kwamba tumejua.

Walimu wastaafu wenzake, mliotoka Changamwe, Kwale, hata Taveta, wengine na bakora zenu, mliimba wimbo mmoja wa kanisani kwa sauti ya chini pale barazani baada ya kisomo kumalizika, kisha mkaomba radhi. Hapakuwa na haja ya radhi. Mama alikuwa nyuma ya pazia, na ameomba mjue kwamba alisikia.

Mama yuko katika eda ya miezi minne na siku kumi. Afya yake ni njema, kula anakula, ila mchana unamwia mrefu. Wanaume wasio maharimu wake wapeleke salamu kwa kupitia kwetu. Wanawake, tafadhali njooni, hasa saa za alasiri: huo ndio ulikuwa wakati wao wa kujaza fumbo la Taifa Leo, yeye akiwa jikoni na baba kizingitini akimsomea vidokezo, na kwa kawaida mama ndiye aliyepata majibu. Anayejua mafumbo asiogope kubisha hodi. Asiyejua aje pia, mama atafurahi kumshinda.

Watoto wa baraza wanaojiandaa kwa mitihani, masomo yanaendelea kuanzia wiki ijayo, baada ya magharibi kama zamani. Atawasimamia mwanafunzi wa baba ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari. Amejitolea mwenyewe, na ametuonya kwamba yeye ni mkali zaidi. Leteni madaftari na penseli. Mkeka upo.

Hitima ya arobaini itatangazwa msikitini na kwa simu. Waliokuwa na vitabu vyake wasiwe na haraka ya kuvirudisha.

Allah amghufirie, amrehemu, alifanye pana kaburi lake, na atukutanishe naye penye kheri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ni sisi, familia ya marehemu Mwalimu,
Majengo, Mombasa.