Risala ya Klabu ya Umoja wa Mataifa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Umoja wa Mataifa, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, balozi wetu mstaafu, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Karibu Tanga, mji wa waja leo waondoka leo, ingawa wewe tunakuomba usiwahi kuondoka.

Mwaka huu klabu imeshughulika na swali moja: nchi ikipata uhuru leo, kesho asubuhi iyaendesheje mambo yake ya nje? Wengi hufikiria bendera na magari ya ubalozi. Sisi tumeona kazi ianzie kwenye makabati ya mkoloni, kwa kuhesabu mikataba.

Mkoloni huacha mikataba aliyoisaini kwa jina lake lakini inayogusa ardhi yetu: ya usafiri wa anga, kurudishana wahalifu watoro, viza, bandari. Uingereza ilizoea kuitaka nchi inayojitawala isaini hati moja ya kurithi yote kwa mkupuo. Ghana na Nigeria zilisaini, Tanganyika ikakataa. Ukisaini, unabeba hata usichokisoma. Ukifuta yote siku moja, ndege za kigeni hazina tena ruhusa ya kutua, na mtuhumiwa akishavuka mpaka huna sheria ya kumdai.

Tarehe 9 Desemba 1961 Waziri Mkuu Julius Nyerere alimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili itaendelea kutumika kwa miaka 2, hadi 8 Desemba 1963, mradi upande wa pili nao uitekeleze. Mkataba ambao ungefika siku hiyo bila makubaliano mapya ungehesabika umekwisha, isipokuwa ule unaoendelezwa na sheria ya kimataifa yenyewe. Ile ya mataifa mengi ingepitiwa mmoja mmoja. Uganda na Kenya baadaye zilitumia njia ya namna hiyo.

Muda huo unahitaji daftari lenye safu hizi: wahusika, tarehe, jambo linalohusika, wizara inayolitekeleza, muda wa notisi. Safu ya mwisho ndiyo inayoponza. Mkataba ukidai notisi ya miezi 12 nawe unataka ukome Desemba, barua iondoke Desemba ya mwaka uliotangulia. Ukikumbuka Juni, umechelewa. Kosa jingine ni kila wizara kukaa na mikataba yake bila mtu mmoja wa kufuatilia tarehe. Na ukinyamaza huku unaendelea kutekeleza, mwenzako atasema umekubali.

Tuutazame mkataba mmoja kwa karibu. Mwaka 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma bila kikomo, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Faranga moja! Wazee wa barazani Ngamiani wangeuliza kama hiyo ni kodi au bakshishi. Tanganyika haikubishania bei. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwingereza aliishika nchi kwa dhamana tu, na mshika dhamana hawezi kukodisha kwa muda unaopita dhamana yake.

Mipaka haikuguswa na barua ile ya Nyerere. Mstari wa mpaka wetu na Kenya unaopita hapo jirani Horohoro unatokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Jipe, na Julai 1964 mjini Cairo nchi za Afrika ziliahidi kuheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Baharini Tanzania na Kenya zilipatana mwaka 1976.

Kuhusu ofisi za ubalozi, nchi changa isitawanye fedha. Tanganyika iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1961, siku 5 baada ya uhuru, na pale New York ofisi moja inakutana na karibu kila mtu. Mkataba wa Vienna wa 1961 unaruhusu balozi mmoja kuwakilisha nchi yake katika nchi kadhaa, zikiridhia. Ila jina lake lipelekwe kimyakimya kwanza: nchi mwenyeji inaweza kumkataa bila kueleza sababu, na ukishalitangaza redioni aibu ni yako.

Msimamo una gharama. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini. Desemba ya mwaka huo huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa suala la Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache wa Kizungu walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Sisi tunaona ilikuwa sawa. Lakini anayevunja uhusiano atafute kwanza nchi ya tatu ya kulinda jengo, nyaraka na raia wake kule.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili. Maktaba yetu haina hata nakala moja ya mkataba wowote tulioutaja. Tunaomba utusaidie kuzipata, pamoja na ramani ya mpaka wa kaskazini. Pili, tunaomba usafiri wa wanachama 30 kwenda Horohoro, tukaone forodha na uhamiaji wanavyofanya kazi.

Tunaomba kuwasilisha.