Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Sensa ya Marekani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: IDADI YA WAKAZI WA KIJIJI CHA MONOWI, NEBRASKA

Kwa kuwa Ofisi yako ilitoa mwongozo wa sensa ya 2020 kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, nakuandikia kwa Kiswahili nikiwa mkazi wa Nebraska, kuhusu kijiji ambacho hesabu yake imemshangaza hata mwenye kijiji.

Monowi iko katika kaunti ya Boyd, karibu na mpaka wa South Dakota, na ilianzishwa mwaka 1902 reli ilipofika huko. Sensa ya 1930 ilikuta watu 123. Baadaye mashine zikachukua nafasi ya vibarua, mashamba madogo yakamezwa na makubwa, na vijana wakafuata kazi mijini. Kanisa lilifanya mazishi yake ya mwisho mwaka 1960, posta ikafungwa, na shule nayo ikafungwa mwaka 1974. Sensa ya 2000 ilihesabu wawili tu, mume na mke. Mume alifariki mwaka 2004, na sensa ya 2010 ikamkuta mjane peke yake, akiwa meya, karani, mweka hazina, mwenye baa, na mtunzaji wa maktaba ya vitabu takriban 5,000 alivyoachiwa na marehemu. Alikuwa akijiidhinishia leseni ya baa na kujitoza kodi ili taa za barabarani ziendelee kuwaka, na sijui serikali nyingine ya mtaa iliyo rahisi kukaguliwa kuliko hiyo.

Kisha sensa ya 2020 ikatangaza kwamba Monowi ina wakazi wawili. Mama huyo alishangaa, na kama kungekuwa na mtu wa pili, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kumjua. Ofisi yako ilieleza kwamba takwimu za maeneo madogo hubadilishwa kidogo kwa makusudi ili majibu ya mtu mmoja mmoja yasiweze kutambulika, na kwamba jumla ya jimbo zima, ambayo kwa Nebraska ni 1,961,504, ndiyo isiyoguswa.

Sipingi usiri huo. Sheria inafunga majina kwa miaka 72, na kompyuta za leo zinaweza kuoanisha majedwali mpaka zikamfichua mtu. Lakini umri, asili na mahusiano ya kaya ni siri ya mwananchi, ilhali idadi ya watu wa kijiji chenye serikali yake kisheria ni habari ya umma. Katika sensa ya 2010 idadi hiyo ilichapishwa bila kuguswa. Mtu mmoja akiongezwa New York haonekani, ila Monowi anakuwa nusu ya kijiji. Mwanahistoria wa kesho atakayesoma wawili, mmoja, kisha wawili, atadhani kuna mhamiaji aliyewahi kupokelewa pale.

Naomba basi kabla ya sensa ya 2030 jumla ya kila kijiji cha namna hii irudishwe kuwa halisi, au walau kila jedwali lioneshe, kando ya tarakimu yenyewe, kwamba imebadilishwa. Kaunti ya Boyd imeshuka kutoka watu 2,099 mwaka 2010 hadi 1,810 mwaka 2020, na jirani wa Monowi, kijiji cha Gross, kilikuwa na watu wawili tu mwaka 2010, kwa hiyo ombi hili si la kijiji kimoja.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Omaha, Nebraska